Faili la Kitanda Namba Sita

Maiti ya mwalimu mstaafu ilikuwa bado kitandani, uso umevimba hadi macho yamefumba. Alichomwa sindano alfajiri, akakata roho kabla muuguzi hajafika mlangoni. Faili lake halikuonekana kwenye kompyuta ya wodi.

Inspekta hakukaa. Alizunguka chumba cha kompyuta, akagusa nyaya, akatazama saa. Nje ndugu wa marehemu walitaka fundi wa kompyuta akamatwe.

"Ulifanya nini humu?"

"Nimepandisha mfumo kwenda toleo jipya, afande. Nilianza saa mbili asubuhi."

"Faili likapotea."

"Kupandisha si kufuta. Toleo jipya linakaa juu ya lile la zamani, mafaili hayaguswi."

"Mashine umeikoroga," daktari wa zamu alidakia kutoka mlangoni, "sasa unatupigia porojo."

"Mafaili mia nne yapo," Inspekta alisema. "Limekosekana moja. Mashine gani hiyo inayochagua?"

Daktari akaingia ndani.

Fundi akatoa diski mkobani. Hagusi mashine ya mtu kabla hajanakili kila kitu. Nakala ya saa mbili kasoro dakika kumi nayo haikuwa na faili hilo.

"Kwa hiyo lilifutwa kabla hujaanza. Nani alikuagiza kazi hii?"

"Daktari. Alinipigia saa moja, akataka leo leo. Akasema nifute diski yote, niweke mfumo upya. Nikakataa. Mashine ya eksirei inategemea mfumo huu, ingegoma wiki nzima."

"Fungua pipa la taka la kompyuta."

Fundi akabofya. Faili lilikuwa humo, limefutwa saa moja kasorobo kwa nywila ya daktari. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu: asipewe penisilini.

"Ungemsikiliza," Inspekta alimwambia fundi, "hiki kielelezo kisingekuwepo, na wewe ungelala mahabusu."

Akamgeukia daktari. "Sindano ilikuwa ya nini?"

"Penisilini."

"Ulikuwa na kisa naye?"

"Hata jina lake sikulijua." Daktari alijibwaga kwenye kiti cha fundi. "Mfumo ulikuwa mzito. Kufungua faili moja, dakika nne. Wagonjwa thelathini wananingoja. Nikaandika dawa bila kulifungua."

"Na baada ya kufa?"

"Ndipo nikalifungua." Alitazama kioo cha kompyuta. "Nikasubiri dakika zote nne."