Mpige Jeki

Zamani, kabla mzunguko wa katikati ya jiji haujavunjwa ili wakubwa wajengewe daraja la kupita juu ya vichwa vya watu, foleni ya adhuhuri pale ilikuwa soko kamili. Ungeweza kununua maji, soksi, kamba ya mbwa na mbwa mwenyewe, na gari lako lisiwe limesogea hata urefu wa mkono. Na katikati ya barabara palikuwa na shimo. Watu wanasema mashimo huletwa na mvua. Uongo. Shimo lile lilikuwa uamuzi wa mtu fulani aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka, na gari lake yeye lilinesa vizuri sana, kwa kodi zetu.

Siku hiyo shimo lilimpata Mwalimu. Walimwita hivyo kwa kuwa alifundisha watu udereva, kwa gari la marehemu baba yake, sanduku la rangi ya maziwa ambalo wanafunzi walikuwa wamelirukisha kila tuta la mji. Gurudumu la mbele kushoto lilizama. Gari likalia kwiiii, likanesa, likanesa tena, kama kitanda cha nyumba ya wageni.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akivuka kati ya magari, ovaroli ya buluu, mfuko umechanika, bomba la moshi begani, alisimama. Akainama dirishani.

"Dada, samahani. Huyu wa mbele kushoto amekwisha."

Sasa, mbele kushoto alikuwa amekaa mama yake Mwalimu, mkoba mapajani, kitenge kimenyooshwa kwa pasi. Mama aligeuza shingo polepole.

"Nani amekwisha?"

"Huyu hapa. Msikie anavyolia. Na amelalia upande mmoja. Dada, usipomtoa mapema, atakuaibisha njiani."

"Mwanangu, funga kioo," Mama alisema. "Au nishuke nimwonyeshe aliyekwisha ni nani."

Mwalimu alikuwa ameshaelewa. Alicheka hadi miwani ya jua ikamteremka puani. "Mama, anasema shokapu!"

"Shokapu ndiyo *huyu*? Shokapu ina miguu? Wewe kijana, ngeli zilikupita shuleni?"

Kijana akashusha bomba chini, akashika adabu. "Shikamoo, mama. Hazikunipita. Ila kwetu tumelelewa hivyo: anayebeba watu naye ni mtu."

"Marahaba," alisema Mama, bado amenuna. Lakini foleni iliposogea alinong'ona, "Ana meno mazuri. Mwongo, lakini ana meno mazuri."

Kesho yake Mwalimu alilipeleka gari gereji. Tunaita gereji kwa heshima tu. Ulikuwa uwanja wa vumbi nyuma ya kiwanda cha magodoro ambacho mwenyewe alikifunga asubuhi moja, akaondoka na jasho la watu, na jina lake hatujalisahau. Mafundi wale walikuwa wengi wao watoto wa waliofukuzwa. Huyu wa ovaroli ya buluu wenzake walimwita Taratibu.

Mwalimu alivaa gauni la njano lenye vifungo mbele, nguo ya kwendea kanisani au harusini, si gereji. Alijua hivyo alipokuwa akilivaa. Akalivaa.

"Umependeza," alisema Taratibu akiwa amepiga magoti anafungua gurudumu. "Au umekosea njia?"

"Nimekuja kuhakikisha huniibii nati."

"Nati zako ninazihesabu mbele yako. Moyo wako ndio uushike mwenyewe."

"Kelele. Fanya kazi."

Akafanya kazi. Aliegesha gari juu ya vyuma, akatoa shokapu ya kushoto, imetoa mafuta, imekuwa nyeusi kama mwiko wa shughuli. Kisha akahamia kulia.

"Huyo mbona hakulia?" aliuliza Mwalimu.

"Wanatoka kwa jozi. Ukimweka mmoja kijana na mwenzake mzee, hawapatani. Gari litavuta upande mmoja mpaka mfike mtaroni wote."

"Kama ndoa."

"Kama ndoa za wengine. Yangu itakuwa nzuri."

Springi nazo zilikuwa zimechoka; mpya aliibana kwa vibano viwili vya chuma, kimoja upande huu, kimoja upande ule, akikaza kidogo huku, kidogo kule, na kila akikaza anasema "taratibu, taratibu," ndipo Mwalimu akajua jina lilikotoka.

"Rudi nyuma," alisema bila kuinua macho. "Huyu amebanwa. Aliyebanwa hachezewi. Siku akijiachia, hasalimii mtu."

"Unasema springi, au wananchi?"

Taratibu alicheka akalazimika kuweka spana chini. "Springi. Wananchi bado tunakazwa."

Mbele kukakamilika. Springi za nyuma zilizofaa gari la umri ule hazikupatikana siku hiyo; zilitaka kusakwa. Kwa hiyo Mwalimu aliondoka na gari lililoinua pua na kushusha makalio, kama mbwa aliyekaa anasubiri mfupa, na mji mzima ukacheka.

Simu zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Laazizi wa nani? Umezipata springi?"

"Bado. Nikizipata upesi utakuwa huna sababu ya kupokea simu yangu."

"Na huyo Mzee wako?"

Mzee lilikuwa pikapu la muuza vitunguu, ambalo kila wiki lilipakiwa hadi tumbo likagusa ardhi. Taratibu alimsimulia habari zake kila jioni kama habari za jirani. Leo Mzee kalala chini. Leo Mzee kagoma kuinuka, nimembembeleza mpaka jua limezama. Mwalimu, kitandani, miguu ukutani kama msichana wa shule, alicheka na kumtumia Mzee salamu. Walikuwa wakikutana penye ukuta wa stesheni, wakila karanga, wakitazama treni zilizochelewa. Zilichelewa sana siku hizo, na hakuna watu wawili waliowahi kuwashukuru watu wa reli kwa uzembe wao isipokuwa wale.

Kisha springi zikapatikana. Ikapangwa Jumamosi: Taratibu aje nyumbani kwa kina Mwalimu, afunge za nyuma uani, halafu aingie ndani ale na Mama. Kila mtu alijua ni kula gani huko. Mama alitoa sahani za kabatini. Mwalimu alisuka nywele, akavaa lile gauni la njano, akakaa, akasimama, akakaa.

Simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Taratibu palikuwa na watu wanaongea.

"Mwalimu, leo sitafika. Mzee kalala chini tangu alfajiri. Hanyanyuki."

Chakula kilikuwa mezani. Mama alikuwa mlangoni, masikio wazi. Aibu ilimpanda Mwalimu kifuani, ikatoka mdomoni imevaa nguo za utani.

"Si umpige jeki! Na akikataa mpeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, utapata hata sufuria."

Ikasikika kama mtu amekohoa, mbali. Halafu simu ikakatwa.

"Vipi?" aliuliza Mama.

"Kachagua vitunguu," alisema Mwalimu, akaanza kuondoa sahani.

Hakupiga. Aliyekata ndiye apige, alisema, na kichwa chake kilikuwa kigumu, cha kurithi. Taratibu naye hakupiga. Kiburi kilipolainika Mwalimu akaendesha hadi gereji, akakuta tingatinga limepita. Halmashauri ilisema panajengwa maegesho ya kisasa. Hapakujengwa kitu, hadi leo ni majani na bango. Mafundi walitawanywa kama kuku waliotupiwa jiwe, na namba ya Taratibu ikawa haipatikani.

Mvua zikaja, zikaenda, zikaja. Fundi mwingine yeyote angeweza kulimaliza gari lile kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu hakumruhusu yeyote. Wanafunzi walilalamika kwamba wanaona mawingu badala ya barabara. "Tazameni vizuri," aliwajibu, "mtaizoea." Jioni akipita stesheni aliangalia upande mwingine. Treni, kwa ukaidi, zilikuwa zimeanza kufika kwa wakati.

Ni mama mmoja muuza vipuri, wanamwita Mama Nati, ndiye aliyelitambua gari sokoni.

"Hee! Mbwa aliyekaa! Wewe si yule wa Taratibu?"

"Nilikuwa."

"Maskini, na msiba ule alioupata. Baba yake alianguka alfajiri, Jumamosi, wakashindwa hata kumnyanyua hadi kitandani. Hakufika Jumapili. Alikuwa fundi huyo, Mzee wetu, wote hawa kawafundisha yeye."

Mwalimu alishika mlango wa gari. Mzee. Neno lilimzunguka kichwani, likatua. *Mpige jeki. Vyuma chakavu. Sufuria.*

"Mama Nati," alisema, "nielekeze kwao."

Nyumba ilikuwa ya vyumba vilivyopangana kuzunguka ua mmoja. Taratibu alikuwa chini ya gari la mtu, miguu nje. Mama yake, mwembamba, kanga mabegani, alikuwa anaanua nguo kambani.

Mwalimu alianza kabla hata ya kukaribishwa. "Shikamoo, mama. Nimekuja kutoa pole iliyochelewa, na kuomba radhi. Mimi ndiye niliyesema kwenye simu... Sikujua. Naapa sikujua ni baba."

Miguu chini ya gari iliacha kutikisika.

"Wewe ndiye wa jeki?" aliuliza mama.

"Ndiye mimi."

Mama yule aliweka nguo kwenye beseni. Mabega yakaanza kumtikisika, na Mwalimu akadhani analia.

"Mwanangu, simu ilikuwa kifuani kwa huyu, inasema kwa sauti, maana mikono yake yote ilikuwa imemshika baba yake. Tulisikia sote. Na mume wangu, ambaye hakuwa ametoa neno tangu alfajiri, alicheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Huyu ndiye. Mleteni mkwe wangu nimwone.' Aliuliza mara mbili, amekuja? Mpaka jioni."

Taratibu alitoka chini ya gari. Alikuwa amekonda. Mwalimu alimtazama, na ile radhi aliyokuja nayo, aliyoifunga vizuri kama zawadi njia nzima, ikageuka moto mkononi.

"Aliniita?"

"Mwalimu..."

"Mtu mzima aliniita, kwa pumzi ya mwisho, na wewe ukaziba masikio?"

"Nilikuwa na hasira. Wote wanalia, wewe unaleta sufuria."

"Ungeniambia 'baba'! Neno moja! Ningekuja kwa miguu. Ningekuja na viatu mkononi."

"Najua."

"Hujui! Mimi nimebeba lawama, kumbe na wewe umeketi juu ya deni la marehemu!"

"Nilikuja mpaka kwenye kona yenu baada ya mazishi," alisema Taratibu chini chini. "Nikaliona gari. Nikasema nitamwambia nini? Kwamba baba alikupenda nami nikakunyima? Nikarudi."

Mama aliinua beseni. "Gombaneni vizuri. Marehemu hakupenda ugomvi." Akafikiri. "Hapana, nadanganya. Aliupenda sana. Endeleeni." Akaingia ndani.

Hawakuendelea. Taratibu alikwenda chumbani, akarudi amekumbatia springi mbili zilizofungwa kwa gazeti, zimekaa uvunguni muda wote ule bila chembe ya kutu, maana alikuwa akizipaka mafuta.

Alifanya kazi, Mwalimu akimpa spana. Jeki ilipopanda, wote wawili waliangalia pembeni. Makalio ya gari yakainuka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, na likasimama sawa, kama lilivyosimama baba yake Mwalimu alipolileta nyumbani na watoto wa mtaa wote wakaomba kupandishwa. Kutoka chini ya gari sauti ikasema:

"Nikikuuliza kitu nikiwa huku, utanijibu?"

"Toka uniulize nikikuona."

Akatoka. Grisi kwenye paji la uso, macho mekundu.

"Nataka nikuoe. Nilitaka tangu foleni."

Mwalimu alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Alitaka kusema ndiyo na alitaka kumpiga na spana, na vyote viwili vilikuwa kweli.

"Kwanza nipeleke kwa aliyeniita."

Walikwenda wote watatu, mama amekaa mbele, Taratibu nyuma magoti kidevuni. Njia ya makaburini ilikuwa mbovu kuliko zote, maana maiti hawapigi kura na wakubwa huzikwa kwingine. Gari liliingia mashimoni na kutoka, bila mlio. Hakuna aliyelisifu.

Kaburi lilikuwa dogo, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mama na Taratibu walibaki nyuma kidogo. Mwalimu alivua miwani, akasogea. Alikuwa ametunga maneno mengi njiani, ya kuomba, ya kueleza, ya kulalamika kidogo pia. Yote yakamtoka. Akapiga goti moja kwenye vumbi, kama mtu aliyeingia sebuleni mwa watu akamkuta mwenyeji amekaa.

"Shikamoo, baba mkwe," alisema. "Nimefika."