Ubao Juu ya Tundu la Hewa

Stesheni ya Kigoma, siku mabehewa ya mizigo yanapofunguliwa, si mahali pa kutafutia mchumba. Wapagazi wanasukumana, waendesha bajaji wanagombania abiria, na kila mwenye mzigo anaamini wa kwake ndio umepotea. Hata hivyo ni hapo hapo Nathaniel alipomwona Edina mara ya kwanza, tena akiwa amekasirika, jambo ambalo mwanamume mwenye akili timamu angelichukua kuwa onyo.

Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa barabara, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na raba zilizokuwa nyeupe kabla hazijakutana na vumbi la Kigoma. Alisimama mbele ya sanduku kubwa la mbao, mikono ameitanua, akiwazuia wapagazi wawili waliotaka kulilaza ubavu ili likae vizuri kwenye mkokoteni.

"Hilo halilazwi," Nathaniel alisema kutoka nyuma, bila kuulizwa. "Mkililaza, mkifungua mtakuta vipande."

Edina aligeuka akamwangalia kuanzia viatu. Alitaka kujua yeye ni nani. Nathaniel alieleza kwamba ni fundi wa gesi, mzaliwa wa Njombe, amekuja Kigoma kufunga majiko ya mahoteli na mashule, na pale stesheni alifuata mipira yake ya gesi. Kisha, ili aonekane mwenyeji kidogo, akaongeza salamu ya Kiha aliyofundishwa: "Mwakeye."

Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea ziwani. Hasira ya Edina ikakatika, akacheka.

"Watu wameshakula mchana, fundi. Saa hizi tunasema mwidiwe."

"Mwidiwe."

"Ehe. Sasa shika upande ule."

Ndivyo alivyoingia mtaa wa Kibirizi, amelishika sanduku la mtu. Edina alikuwa na kiwanda kidogo cha mikate karibu na ufukwe. Kila kiangazi upepo mkavu ulimtesa: madonge ya unga yalikauka ngozi kabla hayajaumuka, na mikate ikatoka tanurini imepasuka. Ndani ya sanduku kulikuwa na mtambo unaochemsha maji kwa gesi na kupeleka mvuke kwenye chumba cha kuumulia, ili hewa ya humo ibaki na unyevu muda wote.

Nathaniel aliufunga mtambo ule vizuri, tumpe haki yake. Mitungi aliiweka nje, bomba la moshi akalipitisha darini hadi juu ya bati. Kila kiungo alikipaka povu la sabuni na kukitazama kama kinatoa mapovu ya gesi inayovuja. Chini ya ukuta, nyuma ya mtambo, alitoboa tundu la hewa. Alimwita Elia, mwokaji mkuu, kijana mtulivu kutoka kijiji cha Mwamgongo, na Mama Skolastika, mjane aliyekanda unga pale tangu siku ya kwanza, akawafundisha. Moto ukiwa wa buluu, salama. Ukigeuka manjano, funga gesi, utoke. Maji ya tangi yamwagwe mara kwa mara, maana yanaacha ukoko. Na lile tundu lisizibwe kamwe, kwa sababu moto usipopata hewa hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Edina siku hiyo alikuwa sokoni Mwanga akinunua unga.

Kazi ikaisha, simu hazikuisha.

"Fundi, mtambo wako unakohoa."

"Unakohoaje?"

"Siwezi kuigiza. Njoo usikie mwenyewe."

Alikwenda, akaukuta mzima, akakaribishwa chai na mkate wa moto. Kesho yake mtambo ulikuwa unapiga chafya. Mama Skolastika akaanza kumwita mkwe, na Nathaniel akaanza kunyoosha mashati yake kwa pasi, yeye ambaye zamani alivaa lolote lililokauka.

Tatizo lilikuwa dagaa. Tundu lilitazama ufukweni, na pale ufukweni wanawake waliwaanika dagaa kuanzia asubuhi. Upepo wa ziwani ulipovuma, harufu iliingia ndani na kujilaza juu ya madonge. Wateja wa Kibirizi hawakujali, wamezaliwa nayo. Lakini mnunuzi wa hoteli moja ya mjini alikuwa anakuja kuonja, na Edina aliitaka hoteli ile kwa roho yake yote. Akapiga simu.

"Nathaniel, mkate unanuka dagaa. Lizibe lile tundu."

"Edina, lile tundu..."

"Mpenzi wangu. Kwa ajili yangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Nathaniel alikuwa amesimama jikoni kwa watu, spana mkononi, akasahau nati aliyokuwa akiikaza. Alijua jibu. Jibu lilikuwa kuzima mtambo, kutoboa ukuta wa pili unaotazama mlimani, ndipo tundu la zamani lizibwe, na hoteli isubiri. Badala yake akasema sawa.

Akakata ubao, akaukaza kwa skrubu, akaupaka rangi ya ukuta hata asiyejua asingeutambua nyuma ya mtambo. Alijidanganya kwamba mlango utaachwa wazi na kwamba akishapita huyo mnunuzi atarudi kuutoa. Elia alikuwa amesimama pembeni akimtazama.

"Fundi, si ulisema lisizibwe?"

"Fundi ni nani hapa, wewe au mimi?"

Elia akarudi kwenye trei zake. Mnunuzi akaja, akaonja, akakubali. Edina alimkumbatia Nathaniel mbele ya tanuri, mbele ya watu wote, aproni yake ikamwachia unga shati zima. Tangu siku hiyo kuutoa ubao kulikuwa ni kama kulirudisha lile kumbatio. Akasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Asubuhi moja yenye upepo wa vumbi, Mama Skolastika aliingia kupanga madonge akafunga mlango. Kichwa kilimgonga, akafikiri ni malaria inamrudia. Nyuma yake moto uligeuka manjano, na moshi uliotakiwa kupanda bombani ukawa unarudi chumbani. Elia aliposikia trei zinaanguka alikimbia, akafunga gesi, akamburuta mama wa watu hadi nje mchangani.

Nathaniel alifika kwa bodaboda akakuta wote wamekwenda hospitali na kiwanda kitupu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao. Aliufungua skrubu moja moja, akauvunja kwa goti, akavisukumia vipande tanurini. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Aliona aibu hata hivyo, na bado hakuacha hadi kipande cha mwisho kilipowaka.

Jioni Edina akapiga simu. Mama Skolastika ameamka, anazungumza. Daktari amesema ni hewa chafu ya moto.

"Elia anasema tundu lilikuwa limezibwa hadi leo asubuhi. Nimekwenda mwenyewe kuangalia, nimelikuta wazi. Uliutoa lini ule ubao?"

"Nilishautoa."

"Kwa hiyo Elia ananidanganya. Alisahau kuangalia moto, sasa anatafuta pa kuegemea."

Nathaniel angeweza kusema neno moja tu. Alisema, "Labda."

Kwa hilo neno "labda" Elia aliitwa mwongo mbele ya wenzake, akakusanya nguo zake kwenye mfuko, akapanda mtumbwi wa injini kurudi kwao Mwamgongo.

Sasa mtu angedhani Nathaniel alipumua. Wapi. Edina alimpenda maradufu, na kila neno tamu alilompa lilimwingia kama mwiba, maana aliona halikuwa lake. Alimwambia, "Bora wewe, Natha. Wewe huwa hunifichi kitu." Baada ya hapo alishindwa kupokea simu zake. Simu iliita mezani, yeye akaitazama mpaka inyamaze. Edina alituma ujumbe wa kubembeleza, kisha wa kuuliza, kisha wa matusi ya heshima. Kwake maana ilikuwa moja tu: kuna mwanamke mwingine. Alilia mbele ya Mama Skolastika, akasema wanaume wa kuja ndivyo walivyo, wanafunga mitambo na kuondoka.

Katika kukimbia kwake Nathaniel alipokea kazi ya jiko la shule, na shule yenyewe ilikuwa Mwamgongo. Alijua huko ni kwao nani. Sijui kama alikwenda akiogopa kumkuta Elia au akitumaini, na nadhani hata yeye hakujua. Mtumbwi ulipogusa ufukwe, wa kwanza kuingia majini hadi magotini kupokea mitungi alikuwa Elia, suruali imekunjwa, mikono ina magamba ya samaki.

"Karibu, fundi. Pole na safari."

Akabeba mtungi begani kama vile hakuna kilichotokea. Njiani aliuliza hali ya Mama Skolastika, akashukuru Mungu kusikia amerudi kazini. Hakuuliza kingine hadi walipofika uwanja wa shule, akautua mtungi taratibu.

"Fundi, naomba nikuulize, usinicheke. Ule ubao niliuona asubuhi ile, au niliota? Maana nimeusema mpaka nyumbani wananitazama vibaya. Siku hizi najiona kama kichwa changu hakiko sawa."

Nathaniel alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Hakuwa amejiandaa kukuta kwamba uongo wake umemfanya mtu mzima ayaonee shaka macho yake mwenyewe.

"Uliuona," alisema. "Niliuchoma moto mimi."

Elia akasema, "Basi twende ukaseme huko nilikoitwa mwongo." Wakapanda mtumbwi uliofuata wa Kibirizi.

Edina alikuwa mezani na wenzake wakikata madonge. Alivaa aproni nyeupe na kitambaa cha buluu kichwani, macho yamevimba kidogo, na alipomwona Nathaniel mlangoni alijikaza.

"Umekumbuka njia?"

Nathaniel aliomba kila mtu aache kazi amsikilize. Akaeleza yote: ubao, onyo la Elia na alivyomjibu, tanuri, simu. Alieleza kichwa kimeinama, na alipofika kwenye lile "labda" ikabidi aanze tena. Mama Skolastika alijifuta unga mikononi, akajifuta tena, ingawa mikono ilikuwa imeshakuwa safi.

"Lakini ni mimi niliyekuomba uzibe," Edina alisema, polepole.

"Wewe uliomba bila kujua. Mimi nilikuwa najua."

Kisha Edina alizunguka meza, akampita Nathaniel bila kumgusa, akasimama mbele ya Elia.

"Kaka Elia, nilikuita mwongo mbele ya hawa. Nakuomba msamaha mbele ya hawa hawa. Nafasi yako ipo, kama bado unaitaka." Halafu akasema bila kugeuka, "Wewe nenda. Leo sitaki kukuona."

Alikwenda. Lakini kabla hajalala alimfuata Mzee Hamdani, fundi wa siku nyingi wa Ujiji, akamsimulia yote na kumwomba akague kila kitu alichokifunga mjini, na kuanza na kwa Edina. Hamdani alimsikiliza akitafuna mswaki wake, hakumpa pole. Kwa Edina mzee alikwenda peke yake; kwingine walizunguka pamoja jiko kwa jiko, Nathaniel akibeba sanduku la vifaa vya mwenzake na kuwaeleza wenye majiko kwa nini wamekuja. Wengine walimwambia asirudi tena.

Hamdani alipomaliza kutoboa ukuta wa mlimani kwa Edina, simu ya Nathaniel iliita. Alitazama jina, safari hii akapokea.

"Nathaniel." Sauti ya Edina ilikuwa ya kazi. "Nina oda ya harusi, Ujiji. Madonge yako mezani. Mzee Hamdani amefungua tundu jipya ila hajapima viungo wala bomba, anakuja kesho. Nataka kuwasha mara moja tu, nizime."

"Hapana."

"Nitampoteza mteja."

"Mpoteze."

Edina akasema taratibu, kwa sauti ile ile ya siku ya ubao, "Mpenzi wangu. Kwa ajili yangu."

Nathaniel alifumba macho. Aliitaka sauti ile kuliko chakula. "Hapana, Edina. Usiwashe. Ukiwasha nakuja kubeba mitungi."

Akasikia kama mtu anayevuta kamasi.

"Mitungi imefungwa tangu jana," Edina alisema. "Madonge nimeyafunika kwa vitambaa vibichi, kama zamani. Nilitaka kujua kama neno hapana unalo. Mwanamume wa kunikubalia kila kitu ataniua, Natha. Ilibaki kidogo aniulie Mama Skola."

"Najua."

"Bado nina hasira na wewe. Na nimekukumbuka. Vyote viwili." Akavuta pumzi. "Kama bado unanitaka, tuma mshenga kwa baba, Ujiji. Lakini mshenga awe Elia, si mwingine. Akikataa, usinipigie tena."

Nathaniel alimkuta Elia nyuma ya kiwanda akisugua trei. Alisimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, akaeleza alichotumwa. Elia hakuacha kusugua. Alimaliza trei ile, akaisuuza, akaiegemeza ukutani.

"Nikifika kwa wazee wataniuliza wewe ni mtu wa namna gani," alisema. "Niwaambie nini?"

Uso wa Nathaniel uliwaka. "Waambie ulichokiona."

"Chote?"

"Chote."

Elia alichukua trei nyingine, akaitazama, akairudisha chini.

"Basi tutakwenda Jumapili," alisema. "Unyooshe shati."