Jedwali la Ukurasa wa Kumi na Moja

Asubuhi ile jedwali lilikuwa limepanda mstari mmoja. Mpangaji kurasa wa kiwanda kile kidogo cha uchapaji, ambaye wenzake walimwita Mama Rula kwa kuwa hata mkate aliukata kwa vipimo, alidhani amegusa kitufe bila kujua. Aliongeza nafasi juu ya jedwali, akalishusha mahali pake, akahifadhi kazi, akaenda kunawa. Aliporudi lilikuwa limepanda tena.

Mwingine angecheka. Yeye alilijua jedwali lile kama mtu anavyoijua dhambi yake. Kijitabu kilikuwa cha akina mama, cha dawa ya homa ya watoto: kushoto jedwali la uzito wa mtoto, kulia jedwali la vijiko vya dawa. Kichwa cha kushoto kilikuwa na mistari miwili, cha kulia mmoja, kwa hiyo la kulia lilipaswa kuanza chini kidogo. Mwaka uliopita, katika chapa ya kwanza, Bosi alisimama nyuma ya kiti chake akasema limekaa ovyo, vichwa vilingane. Mama Rula akaiondoa ile nafasi. Ukurasa ukapendeza, na vijiko vyote vikapanda mstari mmoja, kila mtoto akaandikiwa dawa ya mtoto mzito kuliko yeye. Aligundua vitabu vikiwa vimeshasambazwa. Bosi akamwambia kama anaipenda kazi yake afunge mdomo, na yeye, mtu mzima na akili zake, akaufunga.

Sasa alikuwa anatengeneza chapa ya pili, ili kosa lifutike kimyakimya. Kumbe kulikuwa na asiyetaka lifutike hivyo. Siku ya tatu ilikuja harufu tamu ya dawa ya maji, ikakaa kwenye kiti, kwenye nywele zake, kwenye chai yake. Siku ya nne, mchana kweupe, mashine za kuchapia zikiwa zimezimwa na wenzake wameenda kula, alisikia kikohozi cha mtoto mchanga, kikavu, mara tatu, na alipoinama chini ya meza hakuona kitu ila nyaya na vumbi, akainuka akiwa ameshika kifua, na pale pale, mkono wake ukiwa mbali na kipanya, jedwali la kulia likaanza kupanda, taratibu, kama ndoo inayovutwa kisimani na mtu asiye na haraka, mpaka vichwa vikalingana.

Bosi alikuwa mlangoni, naye aliona. Kesho yake akaleta mganga, mama mmoja mpole, aliyeweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta akauliza ukurasa huu uliwahi kumdhuru nani. Bosi akatazama saa yake. Mama Rula akatazama vidole vyake.

"Hakuna," Bosi akasema.

Mganga akafukiza, akasoma, akanyunyiza maji. Jedwali likatulia. Wakati wa kuondoka alimvuta Mama Rula pembeni, akanong'ona: "Kwenye mashine ametoka, dada. Lakini mmenificha alichokuja nacho, na nisichoambiwa siwezi kukifunga."

Hata hapo angeweza kusema. Hakusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga hawakutuambia kifo cha nani.

Jumamosi alikwenda kumwona binti yake, aliyejifungua miezi sita iliyopita. Harufu ile ilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mjukuu wako alishikwa na homa jana, ila usihofu. Nimempa dawa usiku, nikampa na alfajiri, tangu hapo amelala tu. Nimefuata kitabu chako."

Kilikuwa wazi juu ya kabati, ukurasa wa kumi na moja. Chapa ya kwanza. Alikuwa amemletea mwenyewe, kwa majivuno, wiki ile kilipotoka, kabla hajagundua kosa. Mwaka mzima alikuwa akiwawazia watoto wa watu, na kitabu hicho kimoja alikisahau. Alitaka kwenda kitandani, alitaka kusema, na mdomo aliouzoesha kufungwa haukufunguka.

Kikohozi kikasikika, kikavu, mara tatu. Hakikutoka kitandani. Kilitoka juu ya kabati, kwenye kile kitabu kilichokuwa wazi.

Binti yake akatabasamu kwa faraja. "Umemsikia? Ameamka."