Kibanja cha Kuzeekea

— Kaza kamba, Dafroza. Inalegea.

— Imelegea upande wako.

Rwezaura akaangalia, akakuta ni kweli. Akaikaza, kisha akainama na kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha vumbi la migodi ya bati ya Kyerwa, alikofanya kazi ya unyapara mpaka nywele zikageuka rangi. Sasa yeye na mkewe walikuwa wamenunua kibanja hapa Ihembe: migomba, mibuni iliyochoka, kibanda cha muda, na mahali pa kujenga nyumba ya uzee wao.

Leo walikuwa wanapanda milamula, ile miti ya mpaka, kwa kufuata kamba. Kibanja cha kununua kisichozungushiwa milamula mbele ya shahidi, watu hukihesabu kuwa maneno tu. Shahidi alikuwa Mzee Protase, aliyewauzia. Alikuwa amekaa kwenye gogo na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi.

— Fanyeni haraka, — alisema Protase. — Kibuyu kikiisha kabla yenu, nitashuhudia mipaka miwili.

Walikuwa bado wanacheka pale Byabato, kaka mkubwa wa Rwezaura, alipotokea akisukuma baiskeli iliyofungwa mikeka.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba. Shemeji, poleni na kazi.

— Tumeshapoa, shemeji. Karibu. Mikeka hiyo ya nani?

— Ya mama. Nimetangulia na vitu vyake. Yeye tunambeba kwa machela kesho, kutoka Chonyonyo.

Dafroza akafurahi.

— Anakuja kutusalimia?

Byabato akamgeukia mdogo wake.

— Hukumwambia?

Rwezaura akajifanya anasafisha jembe.

— Kuniambia nini? — aliuliza Dafroza.

— Mama anakuja kukaa moja kwa moja. Na siku yake ikifika, atazikwa hapa. Rwezaura alikubali tangu Pasaka.

Dafroza akaweka mche chini. Kibanja cha kununua ni cha aliyenunua, humwachia amtakaye. Lakini wazee wa ukoo wakishalala humo, kinakuwa cha ukoo. Na mjane asiye na mtoto, ukoo humwambia arudi kwao. Dafroza hakuwa na mtoto.

— Ni kweli, Rwezaura?

— Nilitaka kukuambia.

— Lini? Kaburi likishachimbwa?

— Shemeji, taratibu, — alisema Byabato. — Mama akisikia anakataliwa...

— Simkatai mama. Nitamwogesha, nitamlisha. Nauliza habari ya siku Rwezaura atakapotangulia. Utaniambia nini siku hiyo, shemeji?

Byabato akaegemeza baiskeli kwenye mgomba. Hakuwa mtu mbaya, na hakupenda kusema uongo.

— Ukoo utakaa kikao.

— Ukikaa utasema nini?

— Unajua.

— Najua. Dada yangu Joviana alipofiwa na mume, aliondoka na chungu kimoja kichwani.

— Na mimi nijue nini? — sauti ya Byabato ilipanda. — Baba amelala kwenye shamba la watu. Mwenye shamba alitufukuza hata matanga hayajaisha. Leo nikitaka kupalilia kaburi la baba yangu, nabisha hodi kwanza. Mama anaogopa yatamkuta hayo hayo. Anapoogopa, nimwambie nini?

Protase akaweka kibuyu chini.

Dafroza akaelekea kwenye mibuni. Rwezaura akamfuata, akipumua kwa shida.

— Nilichoka, mke wangu. Kaka alilia mbele ya mama. Nikasema ndiyo ili aache.

— Na mimi ningelia?

— Wewe hujawahi kulia mbele yangu.

— Nililia. Ulikuwa kazini.

Rwezaura akashika tawi la mbuni.

— Ujana wangu umekwisha kwenye nyumba za kampuni, — aliendelea Dafroza. — Kila wakikuhamisha, nafunga vitu. Nimewapikia wachimbaji uji alfajiri zote zile ili nipate mahali ambapo sitafunga vitu tena. Kama na hapa nitafunga, niambie sasa, ningali na nguvu za kubeba.

Rwezaura akarudi naye kwenye kamba, akaokota kifurushi cha miche ya milamula, akamwekea mkewe mikononi.

— Kaka. Mzee Protase. Nisikilizeni. Kibanja hiki tumenunua wawili. Mpaka uliobaki anapanda Dafroza kwa mkono wake. Nikifa, kinabaki chake. Na yeyote atakayezikwa hapa, ruhusa ataitoa yeye.

— Unamweka mwanamke juu ya kaburi la mama yetu! — alisema Byabato.

— Namweka juu ya langu pia.

— Amekutawala.

— Amenivumilia. Ungemwuliza kazi ipi ni ngumu zaidi.

Protase akakohoa.

— Mimi nimesikia. Ila na jumbe asikie pia. Mimi ni mzee, tena nimekunywa.

Byabato akakaza upya mikeka kwenye baiskeli.

— Basi mama haji.

— Shemeji, iache mikeka, — alisema Dafroza. — Mama aje kesho. Siku yake ikifika, mniombe. Sitawanyima. Lakini mniombe.

— Nikuombe wewe?

— Unamwomba yule aliyewafukuza. Mimi nitasema ndiyo.

Byabato alibaki ameshika usukani, akitazama majani. Kisha akaifungua mikeka, akaishusha mmoja mmoja chini ya mgomba.

— Mama hapendi upepo, — alisema bila kumtazama. — Mkimjengea kibanda chake, mlango usielekee bondeni.

— Nimesikia, shemeji. Usiondoke na njaa.

— Nitakula kesho.

Akaondoka. Protase naye akajikongoja kwake, akiahidi kuja asubuhi kabla hajaonja kitu.

Dafroza alipanda miche michache tu, jua likaingia. Upande wa mto ulibaki wazi wote. Akafunika miche iliyosalia kwa majani mabichi isinyauke.

— Kesho twende kwa jumbe kwanza, — alisema Rwezaura. — Halafu tumpokee mama. Halafu tumalizie huku.

— Haya.

— Dafroza. Umenisamehe?

Akanawa udongo mikononi, kidole kwa kidole.

— Nimechoka, Rwezaura. Niulize kesho, tukimaliza.