Gitaa Lisilojua Kunyamaza

Kitu cha kwanza alichokiona Msusi kwa mwanamume yule ni vidole vyake. Ilikuwa Jumamosi, siku ya maharusi. Saluni imefurika, mashine za kukaushia nywele zinavuma, wanawake wanagombania viti, na yeye amesimama mlangoni akimsubiri shangazi yake, vidole vinatembea juu ya ubao wa mlango kana kwamba vina safari yao. Alivaa shati la zambarau lililopigwa pasi vizuri na viatu vinavyong'aa. Hata alipokuwa anasalimia, vidole havikutulia.

Msusi alikuwa anamsuka shangazi huyo huyo, na kama kawaida yake alikuwa anaimba chinichini.

"Wimbo huo wa nani?" mwanamume akauliza.

Msusi akainama zaidi.

"Wa kwake mwenyewe," akadakia Mama Saluni, mwenye duka. "Huyu haongei, baba. Ukitaka akujibu, muulize kwa kuimba."

Mwanamume akakohoa, akaimba: "Dada wa chanuo, jina lako naniii?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Msusi alicheka mpaka chanuo likamponyoka, na shangazi akafoka, "We mtoto, usimchanganye msusi wangu! Nina harusi mimi!"

Watu walimwita Nyuzi, kwa sababu ya gitaa. Alipiga solo katika bendi iliyotumbuiza Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa hoteli. Kuanzia siku ile simu ya Msusi haikupumzika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

Msusi alipenda kulizungusha jibu kinywani kwanza, aone kama ni la kweli. Nyuzi hakungoja.

"Basi najijibu mwenyewe. Umenikumbuka mpaka umemsuka mteja upande mmoja ukamruhusu aende."

Msusi alicheka. Aliona raha kuwa na mtu wa kumtolea maneno yaliyokuwa yanamkwama.

Kuhusu wimbo hakumwambia kitu. Mama yao alipofariki walibaki wawili, yeye na dada yake. Dada alifulia watu nguo. Yeye aliacha shule darasa la tano ili achote maji. Hawakumfungulia mtu wasiyemjua, kwa hiyo akirudi na ndoo aliimba nje, "Nifungulie, ni mimi," na dada akaitikia kutoka ndani, "Ni wewe nani?" Naye, "Nifungulie, mikono imejaa," na dada, "Imejaa nini?" mpaka komeo lifunguke. Dada alipokufa, Msusi alibaki na mistari yake, akaongeza mingine, ila pale pa dada hakuweka kitu. Aliimba, akangoja kwa muda ule ule, akaendelea. Hicho tu ndicho alichobakiwa nacho cha dada yake, ule muda wa kungoja.

Nyuzi akambembeleza ajiunge na bendi. Jumapili ya kwanza alipanda jukwaani na gauni la kijani la kuazima. Akaimba mstari wa kwanza. Akanyamaza. Ukumbi ukatulia kabisa, watu wameshika glasi zao bila kunywa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Msusi alihisi kuna mtu nyuma ya mlango.

Nyuzi alipouona ukimya ule, moyo ulimlipuka. Amesahau maneno, maskini! Akaruka na gitaa, akamwaga sauti kama mvua ya mawe, na watu wakapiga makofi.

"Nimekuokoa, eh?" alimnong'oneza waliposhuka, jasho linamtiririka, macho yamejaa mapenzi. "Usiogope tena. Ukikwama, mimi nipo."

Msusi alimtazama. Jinsi alivyofurahi, kumwambia ukweli kungekuwa kama kumpiga kofi.

"Asante," akasema.

Asante hiyo ndiyo iliyomponza. Jumapili iliyofuata Nyuzi alimwokoa kila mstari. Radi, mpiga ngoma, alipoona gitaa linashangiliwa, naye akaanza kuvurumisha. Mpiga kinanda hakukubali kuachwa nyuma.

"Radi, punguza bwana, unabomoa nyumba!" akafoka.

"Nipunguze mimi? Wewe una mikono mingapi? Kila nikigeuka nakukuta umeshafika!"

"Nyote nipisheni," Nyuzi akasema. "Mimi namlinda mtu wangu hapa."

Na kila mmoja, akishasema hivyo, alizidisha. Msusi alisimama katikati yao kama mgeni aliyekuja kusalimia akakuta wenyeji wanapigana. Mazoezini alijaribu mara moja.

"Pale... mngeacha kidogo."

"Pale wapi?" watatu wakauliza kwa pamoja. Kabla hajafungua tena mdomo, Radi alishagonga vijiti na wimbo umeanza.

Ikaja siku ya kurekodi. Msusi alijua kwamba wimbo ukishatoka hivyo, utabaki hivyo. Fundi mitambo alisikiliza, akavua spika za masikioni.

"Jamani, huyu dada anaimba au anaomba njia? Nani kasema kila nafasi ijazwe?"

"Yeye husahau maneno," Nyuzi akajibu kwa upole, mkono begani kwa Msusi. "Tunamfichia aibu."

Wote wakamgeukia. Msusi alitazama zulia lililobandikwa ukutani kuzuia mwangwi.

"Haya, twendeni," fundi akasema.

Wimbo ukapendwa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Redio ya saluni iliupiga kutwa, wateja wanacheza vitini.

"Hilo gitaa, jamani!"

"Anaimba nani?"

"Sijui. Kwani anasema nini hata?"

Msusi aliendelea kusuka. Siku hiyo alipofika chumbani kwake alifunga mlango, akaimba mstari wa kwanza, akangoja. Kichwani likaingia gitaa. Akajaribu tena. Gitaa. Akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, akajua kwamba hata mle ndani wameshamjazia.

Akaacha kwenda mazoezini. Akaacha kupokea simu.

Nyuzi alimkuta sokoni, penye vibanda vya nywele za kusukia, katikati ya wauzaji wanaoitana. Shati lilikuwa jeupe, lakini siku hiyo halikupigwa pasi.

"Kuna mtu mwingine?"

"Hapana."

"Unanionea wivu wa makofi?"

"Hapana, Nyuzi."

"Basi nisikilize. Bendi imepata mkataba kwenye hoteli ya mji mwingine. Tunaondoka wiki hii. Sitaki kwenda bila wewe. Niruhusu nije na shangazi nizungumze na Mama Saluni, yeye ndiye mzazi wako hapa. Nataka kukuoa."

Msusi alihisi jibu linapanda kutoka tumboni. Lilikuwa njiani, lilihitaji pumzi moja tu. Akafungua mdomo.

"Sawa," Nyuzi akasema, macho yamelowa. "Nimeelewa. Hutaki. Usijilazimishe kusema."

Akageuka, watu wakammeza. Msusi alibaki na furushi la nywele mkononi, muuzaji akimuuliza, "Dada, unachukua au huchukui?"

Bendi ikaondoka na mwimbaji mwingine. Mama Saluni alimwambia ampigie simu mwenzake, akamwambia tena, mwishowe akachoka. Msusi alikonda. Akiwa kazini hakuimba, na wateja wakaanza kusema kwamba saluni imekuwa na baridi.

Miezi ikapita. Mchana mmoja, saluni imejaa pomoni, simu ikaita. Ni yeye. Nyuma yake ngoma za Radi zinavuma.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Samahani kukusumbua. Wageni wa hoteli wanautaka ule wimbo kila siku, na mwimbaji wetu hajaushika. Tumesikiliza rekodi tangu asubuhi, lakini..." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Maneno hayasikiki. Tumeyafunika. Nitajie, tafadhali, nimfundishe."

Sauti ya mwanamke ikaita upande ule, karibu kabisa na simu: "Mpenzi, umeyapata?"

Msusi akafumba macho.

"Nifungulie, ni mimi," akasema.

"Nifungulie, ni mimi. Halafu?"

Msusi akangoja kwa muda wake ule ule.

"Halo? Umesahau? Basi usijali, hapo tutajaza."

Mteja aliyekuwa chini ya mikono yake akageuza shingo kumwangalia. Mama Saluni akazima mashine. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile ikitoka kwa binti yule, na ilitoka nzima, bila kutetemeka:

"Sijasahau. Sijawahi kusahau hata neno moja. Hapo alikuwa anaitikia dada yangu, na dada yangu amekufa, ndiyo maana nanyamaza. Na siku ile sokoni, Nyuzi, hukuningoja. Nilikuwa nasema ndiyo."