Jozi ya Tatu

Jua lilikuwa linazama Muzamil alipofika Mikindani, jozi tatu za spika zimefungwa kwa mpira nyuma ya bajaji. Digrii ya uhandisi wa mawasiliano. GPA ya nne nukta mbili. Miaka minne ya usaili, na kila ofisi wimbo uleule: "Thank you, tutakuita." Leo msomi alikuwa kuli wa spika.

Lakini kuli mwenye ahadi. Bi Fauzia, mnunuzi wa korosho mwenye jumba la mawe, alikuwa ametamka kwa kinywa chake: atakayemchagulia spika bora za chumba chake cha kusikilizia, ndiye atakayeajiriwa. Kazi ya kudumu. Kabla yake kazi hiyo aliishika Isaya, aliyesoma naye darasa moja. Isaya alitandaza nyaya zote za chumba kile, akaugua homa siku mbili, wakamzika Machi.

"Shikamoo, Bi Fauzia."

"Marahaba, msomi wangu. Haya, tuone hicho cheti kama kinasikia."

"Cheti hakina masikio, mama. Ninayo mimi."

Bi Fauzia akacheka. Meno yote nje.

Chumba hakikuwa na dirisha. Kuta zimevishwa magodoro, katikati kiti kimoja. Na harufu... ganda la korosho lililoungua. Bi Fauzia akampa flashi nyeusi ya kuchomeka kwenye redio.

"Jaribia hii. Nataka zinazomtoa mtu kama alivyo."

Jozi ya kwanza ilikuwa mijisanduku yenye taa za rangi. Du. Du. Du. Ngoma, akadhani.

"Hizi za kuamshia mtaa," alisema Muzamil. "Zinapiga kelele ili zifiche. Kama wagombea."

Akaunganisha ya pili.

Haikuwa ngoma.

Yalikuwa majembe. Majembe mengi, yakiingia udongo mkavu kwa pamoja. Na chini ya majembe, pumzi.

"Mama... hii rekodi ya nini?"

"Shamba langu. Endelea."

Jozi ya tatu ilikuwa ndogo, ya mbao, hata rangi haina. Alipoiwasha, sauti ilifunguka kama mlango. Spika nzuri haina adabu, husema yote. Sasa aliweza kuwahesabu: watu kumi na mmoja, peku, hakuna anayeongea. Mmoja, upande wa kushoto, akakohoa. Kikohozi kidogo, mara mbili, kisha akavuta kamasi.

Muzamil alikuwa amekaa pembeni ya kikohozi hicho chuoni miaka minne mizima.

Isaya.

Nje ilikuwa saa ya adhana ya magharibi. Ndani haikufika hata herufi moja. Akanyoosha mkono azime. Ndipo spika ya kulia ikanong'ona, karibu kabisa na sikio:

"Muzamil."

Bibi yake, Bi Tatu, alimfunza tangu mdogo: ukiitwa magharibi, funga mdomo. Binadamu ataita tena, ataita mara ya tatu. Wale huita mara moja tu. Muzamil alilijua hilo. Chuoni alilifanyia mzaha, eti superstition. Lakini tuseme kweli: si dharau iliyomfungua mdomo jioni ile. Miaka minne alikuwa akingoja mtu, yeyote, aite jina lake.

"Naam!"

Majembe yakasimama.

Yote.

Bi Fauzia akazima redio taratibu, kama anayefunika mtoto shuka.

"Ndizo hizi," alinong'ona. "Umechagua vizuri, mwanangu. Nenda kalale. Umeajiriwa."

Alfajiri, kwao Ufukoni, mama yake, Bi Hafsa, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, akitazama viganja vyake. Malengelenge yamepasuka. Udongo mwekundu kwenye kucha za mtu asiyewahi kushika mpini. Na chumba kizima kinanuka ganda la korosho.

"Kazi gani hii ya kuumiza mtu namna hii?" mama aliuliza. Kisha akashusha pumzi. "Haya, alhamdulillahi. Angalau nawe umepata."

Akaenda kukoroga uji.

"Muzamil!" akaita kutoka jikoni.

Alisikia. Akafungua mdomo.

"Muzamil, uji!"

Hakikutoka kitu... ila kikohozi kidogo, mara mbili.

"We Muzamil! Si nakuita?"

Mara ya tatu. Kama binadamu. Na yeye hakuwa tena na cha kuitikia. Naam yake ilibaki Mikindani, ndani ya sanduku la mbao alilolichagua mwenyewe.