Tasbihi Nzito ya Babu Hashil

Kila alasiri, akitoka chuo cha Kurani, Malak alipitia karakana ya ami yake kule Makorora kabla ya kurudi nyumbani Mabawa. Ami Muntasir alitengeneza tasbihi za shaba ya njano. Alikata fimbo ya shaba vipande vidogo, akavikereza mpaka vikawa mviringo, akavitoboa kwa keekee, kisha akavisugua kwa msasa. Tangu zamani Malak aliruhusiwa kusugua tu. Alipoingia darasa la saba, aliruhusiwa kutoboa pia.

Tasbihi za Ami hazikuwa za kuvutia uradi peke yake. Wazee walipenda kuzizungusha vidoleni wakati wa mazungumzo. Punje ziligongana, zikaruka upande wa pili wa mkono, zikarudi. Ami alisema siri ya mzunguko ni tundu. Tundu likikaa katikati, punje huufuata mkono. Likienda upande, tasbihi nzima huyumba.

Babu Hashil, aliyeishi nyumba moja na kina Malak, alikuwa na tasbihi ya plastiki, na hakuipenda. Alilalamika kwamba akiizungusha hajui kama ameshika kitu au ameshika upepo. Alitaka nzito. Ami akamkabidhi Malak kazi hiyo. Malak alichora umbo la punje, nene katikati na nyembamba pembeni, na Ami akazikereza kwa kufuata mchoro. Yalibaki matundu. Hapo Ami akaitwa kijiji cha Mkwaja kuweka mageti ya shule, kazi ya majuma kadhaa.

"Toboa polepole," alimwambia. "Shaba hiyo ndiyo ya mwisho niliyo nayo. Ukikwama, nisubiri."

Malak hakusubiri. Alitaka kumaliza kabla ya Ijumaa, siku ambayo ukoo wote hukutana kwa Babu. Alitoboa kwa haraka, na matundu yakaenda upande. Alipozitunga punje na kuzizungusha, ziliyumba.

Najat, rafiki yake wa jirani, alicheka hadi akakaa chini. "Tasbihi yako inacheza chakacha, fundi."

Malak hakucheka. Alizifunga punje kwenye kitambaa, akazificha nyuma ya gunia la mkaa. Najat alimwonea huruma. Baba yake alikuwa mvuvi, na kwao kulikuwa na vipande vya risasi, ile metali laini ya kijivu inayofungwa kwenye nyavu ili zizame. Waliviyeyusha ndani ya kopo la maziwa, juu ya jiko la mkaa, uani kwa kina Najat. Moshi uliwakereketa koo. Wakamimina risasi kwenye kalibu kuukuu ya Ami, yenye waya wa kuacha tundu katikati. Punje zilipopoa na kusuguliwa, ziling'aa kama fedha.

Ijumaa, baada ya sala, Babu aliipokea tasbihi kwa mikono miwili. Akaizungusha mara moja, kisha tena.

"Sasa nimeshika kitu," alisema. "Metali gani hii?"

"Stenlesi, Babu, chuma kisichoshika kutu. Mabaki ya Ami."

Neno lilitoka jepesi, na watu wote wakamsifu.

Jumatatu, katika somo la sayansi, Mwalimu Yudith alifundisha kuhusu metali. Alipofika kwenye risasi alieleza kwamba ni sumu. Moshi wake ni sumu, na hata vidole vilivyoigusa vikiingia mdomoni huipeleka mwilini. Haina haraka ya kutoka. Tena huwadhuru zaidi watoto wachanga, kwa sababu ubongo wao bado unajengwa. Malak alitazama vidole vyake chini ya dawati. Kisha akamkumbuka Luay, mdogo wake anayeota meno.

Alikimbia hadi nyumbani. Luay alikuwa amepakatwa na Babu barazani. Punje mbili zilikuwa kinywani mwake.

Tangu hapo nyumba ilimbana Malak kama jiliwa linavyobana chuma. Alimwomba Babu tasbihi aisugue tena. Babu alikataa. Zawadi ya mjukuu, alisema, haitoki mkononi mwake. Usiku Malak aliichukua, akaificha chini ya godoro. Asubuhi Babu aliitafuta kwa majonzi, mama akapindua nyumba nzima, akaiona, akairudisha. Akisema ukweli, Ami atajua shaba imeharibika, Najat ataadhibiwa, na Babu ataaibika mbele ya wenzake. Asiposema, Luay ataendelea kunyonya sumu. Kila mlango alioujaribu ulimrudisha palepale.

"Funga domo lako," Najat alimwambia. "Mimi nimeshika risasi za nyavu tangu nilipozaliwa. Nimekufa?"

"Wewe huzinyonyi," Malak alijibu.

Alhamisi Babu alikuwa na wageni. Luay alikuwa mapajani pake, akitafuna punje, na midomo yake ilikuwa na weusi wa kijivu. Babu aliwaambia wageni kwa fahari kwamba mjukuu wake anavuta uradi kwa meno. Wakacheka. Malak alipenya katikati ya wazee bila kuamkia, akaichomoa tasbihi kinywani mwa mtoto. Luay alilia.

"Malak," Babu alisema taratibu. "Unamnyang'anya mtoto mbele ya wageni?"

"Si stenlesi, Babu. Ni risasi ya nyavu. Ni sumu. Nilikudanganya."

Mama alimnawisha Luay mdomo na mikono, na jioni ileile wakaenda hospitali. Daktari alichukua damu ya Luay, ya Babu na ya wasichana wote wawili, ikapelekwa kupimwa. Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu kuliko zote. Hatimaye majibu yalikuja: risasi imeonekana katika damu ya Luay, lakini kidogo, kwa kuwa amewahishwa; ya wengine haikufikia kiwango cha kuhitaji matibabu. Angerudi kupimwa tena mpaka iishe.

Ami aliporudi, Malak alimletea kile kitambaa cha nyuma ya gunia. Ami alizitazama punje moja moja.

"Shaba hii nitaiyeyusha, iwe shaba tena," alisema. "Ubongo wa mtoto hauyeyushwi ukamiminwa upya. Sikukuachia keekee kwa kudhani hutakosea. Nilikuachia kwa kudhani ukikosea utaniambia."

Malak alitoboa punje mpya Ami akiwa kando yake. Safari hii hakuharakisha. Tasbihi ya shaba ilipofika mkononi mwa Babu, ilizunguka bila kuyumba. Luay alinyoosha mkono kuitaka. Babu akaiinua juu, asiifikie.

"Hii ni ya mkono, si ya mdomo," alimwambia mtoto. Kisha akamgeukia Malak. "Na wewe, mjukuu wangu, mimi niliomba uzito wa mkononi. Ule wa moyoni usiubebe peke yako. Ukikosea, mwambie mkubwa siku hiyohiyo, mzigo ungali mwepesi."